Waziri wa Fedha hagawi chakula, lakini kalamu yake inakugusa

Tangu WFP ilipopunguza orodha ya wanaopata msaada wa chakula mwezi Mei 2025, swali moja linarudi karibu katika kila mkutano wa jamii, iwe Nakivale, Rwamwanja au Kyangwali. Watu wanauliza: serikali ya Uganda ina Waziri wa Fedha, juzi tumemsikia redioni akisoma bajeti ya matrilioni, kwa nini asitoe sehemu kidogo kuziba pengo la chakula? Jibu la haraka ni kwamba chakula ni kazi ya WFP, si ya Waziri. Jibu hilo ni la kweli, ila ni nusu. Nusu ya pili ndiyo inayohusu kituo chako cha afya, shule ya mtoto wako na barabara inayokwenda sokoni, na hiyo ndiyo tunataka kuieleza hapa.

Tumalize kwanza habari ya chakula. Pesa zinazonunua mahindi, maharage na mafuta, au zile unazopokea taslimu, hutoka kwa nchi wafadhili kwenda WFP moja kwa moja. Hazipiti Hazina ya Uganda na Bunge la Kampala halizipigii kura. Marekani, ambayo ilikuwa mfadhili mkubwa, ilisimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na shirika lake la USAID likafungwa Julai mwaka huo huo. Nchi kadhaa za Ulaya nazo zimepunguza. Ndiyo maana kufikia Mei WFP ilikuwa imewaondoa wakimbizi karibu milioni 1 kwenye orodha yake hapa Uganda na kubakiza kama 663,000 waliohesabiwa kuwa na shida kuliko wengine. Kama jina lako limeondolewa na unaona ni makosa, peleka malalamiko kwenye dawati la WFP siku ya mgao au piga laini ya bure ya 0800 323 232. Wizara ya Fedha haina orodha hiyo na haiwezi kukurudisha.

Sasa huyu Waziri ni nani na anashika nini?

Jina kamili la ofisi yake ni Wizara ya Fedha, Mipango na Maendeleo ya Uchumi, na mwaka 2025 Waziri alikuwa Matia Kasaija, aliyeteuliwa mwaka 2015. Urefu wa jina hilo una historia. Kabla ya 1992 Uganda ilikuwa na wizara mbili: moja ya fedha, nyingine ya mipango. Ile ya mipango iliandika miradi, ile ya fedha ikatafuta pesa ya kuilipia, na pesa ilipokosekana serikali ilichapisha noti, bei zikapanda. Mwaka 1992 Rais Museveni aliziunganisha. Anayepanga na anayelipa wakakaa nyumba moja, na wizara ikaanza kulipa kwa kadiri ya pesa iliyoingia mwezi huo. Mfumuko wa bei ulitulia. Tangu hapo wizara hii imekuwa na nguvu kuliko wizara nyingi za fedha Afrika Mashariki, na wizara nyingine zinaijua na kuiogopa.

Si kila nchi imefuata njia hiyo. Ireland, baada ya kuzama katika madeni na kukopeshwa na Umoja wa Ulaya na IMF mwaka 2010, ilifanya kinyume. Mwaka 2011 iligawa wizara yake ya fedha: upande mmoja ukabaki na kodi na mabenki, upande wa pili ukawa wizara mpya ya matumizi ya umma na mageuzi, yenye waziri wake, Brendan Howlin. Kazi ya huyo ilikuwa kuketi na kila wizara na kuuliza pesa inakwenda wapi, nani anaajiriwa, na kipi kinaweza kuachwa. Uganda haina waziri wa namna hiyo. Kazi yake imegawanywa: matumizi yako kwa Waziri wa Fedha, na mageuzi ya utumishi yako kwa Waziri wa Utumishi wa Umma. Kumbuka mgawanyo huu, tutauhitaji tukifika kwenye habari ya muuguzi.

Watu wengi hudhani Waziri wa Fedha ana sanduku na ufunguo. Kwa sheria ya Uganda sivyo. Pesa zote za serikali huingia katika Mfuko Mkuu wa Hazina, na Katiba ya 1995 hairuhusu zitoke bila sheria au idhini ya Bunge. Waziri hupeleka makadirio, Bunge hupitisha. Ndani ya wizara, anayeachilia pesa kila robo mwaka ni Katibu Mkuu ambaye pia ni Katibu wa Hazina; mwaka 2025 alikuwa Ramathan Ggoobi. Mwenye cheo hicho ndiye anayemteua afisa masuuli wa kila wizara na kila wilaya, yaani mtu mmoja mwenye jina na cheo anayewajibika kwa kila shilingi. Katika OPM, inayosimamia wakimbizi, huyo ni katibu mkuu wa OPM. Wilayani ni ofisa mtendaji mkuu, yule ambaye wengi humwita CAO. Pesa ikipotea, Bunge halimwiti Waziri kwanza, linamwita afisa masuuli. Ukielewa hili utaacha kupoteza barua zako kwa kuziandikia Kampala wakati mtu wa kuulizwa anakaa kilomita thelathini kutoka kwako.

Waziri anabaki na nini basi? Anabaki na mambo mawili mazito. La kwanza ni ukomo: wizara yake ndiyo inayoiambia kila wizara na kila wilaya, mwaka huu usivuke kiasi hiki. Ukomo ukishawekwa, mabishano mengi yamekwisha hata kabla Bunge halijaanza. La pili ni saini ya mkopo. Hakuna mwingine anayekopa kwa jina la Uganda, ingawa Bunge lazima liidhinishe.

Bajeti ya mwaka wa fedha 2025/26, iliyosomwa Kololo tarehe 12 Juni 2025, ni karibu shilingi trilioni 72.4. Ukiisikia namba hiyo ukiwa na njaa inakuudhi, na haki yako. Lakini mapato ya ndani yanayotarajiwa ni trilioni 37.2 tu. Kinachobaki kinatoka kwenye mikopo, misaada na deni la zamani linalolipwa kwa deni jipya. Sehemu kubwa ya zile 72.4 inatoka upande mmoja wa Hazina na kurudi kwa waliokopesha, bila kupita shuleni wala hospitalini. Kwa hiyo anayekuambia serikali haina hata shilingi hasemi kweli, na anayekuambia ina matrilioni ya kugawa naye hasemi kweli.

Na ndani ya zile trilioni 37.2 mnamo na shilingi zako. Hili linasahaulika sana, hata na maofisa wanaosema mkimbizi halipi kodi. Sabuni unayonunua kwenye duka la kambini ikitoka kiwandani imeshatozwa VAT ya asilimia 18. Ndugu yako wa Bukavu au wa Marekani akikutumia shilingi 100,000 kwenye simu, ukienda kuitoa, serikali inakata nusu ya asilimia, yaani shilingi 500, mbali na ada ya kampuni ya simu. Kodi hiyo ilianza Julai 2018 kwa asilimia 1, watu wakaandamana, ikashushwa mwaka huo huo hadi 0.5 na kubakizwa kwenye kutoa tu. Hakuna aliyeuliza kama anayetoa ni raia au mkimbizi. Ukiuliza habari za bajeti, unauliza kama mlipaji.

Turudi kwenye kituo cha afya, maana hapo ndipo mambo yatakapoumiza zaidi miaka hii miwili mitatu ijayo.

Mpango wa Uganda kwa miaka mingi umekuwa huduma za wakimbizi ziungane na za wenyeji: kituo kimoja, foleni moja, mkimbizi na Mganda pamoja. Ni mpango mzuri, tena wenye heshima, na nchi nyingi zenye uwezo kuliko Uganda hazijauthubutu. Lakini kwa muda mrefu kilichofanya foleni hiyo isonge ni pesa za mashirika. Sasa shirika linasema linaondoka mwezi Desemba na kwamba kituo "kitakabidhiwa serikali". Sentensi hiyo fupi inaficha hatua nyingi. Jengo linakabidhiwa kwa siku moja, kwa hotuba na picha. Dawa ni jambo la pili: bohari ya taifa, National Medical Stores, hupeleka dawa kwenye vituo vya serikali kila miezi miwili. Kituo cha ngazi ya III hupelekewa boksi zilizopangwa kulingana na ngazi yake, kwa hiyo kituo chenye wagonjwa wengi kuliko kawaida huishiwa mapema na kusubiri.

Muuguzi ndiye tatizo kubwa. Yule dada aliyekuwa akilipwa na shirika si mtumishi wa serikali, hata kama amewazalisha akina mama wa makazi haya kwa miaka sita. Ili apate mshahara wa serikali, nafasi yake lazima kwanza iwepo katika muundo wa wilaya, na muundo huo huidhinishwa na Wizara ya Utumishi wa Umma. Kisha Wizara ya Fedha ithibitishe kwamba pesa ya mshahara huo ipo. Halafu Tume ya Utumishi ya Wilaya itangaze nafasi, watu waombe, wafanyiwe usaili, na yeye ashindane na wengine kama mgeni. Mkalimani anayekusaidia kueleza ugonjwa wako kwa Kiswahili au Kinyabwisha hana nafasi kabisa katika muundo huo. Akiondoka, ameondoka.

Hesabu sasa miezi. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Waraka wa kwanza wa kupanga bajeti hutoka Septemba. Hati ya mfumo wa bajeti hufika Bungeni kabla ya mwisho wa Desemba, bajeti yenyewe hupelekwa kufikia 1 Aprili, na lazima ipitishwe kufikia 31 Mei. Hotuba ya Juni mnayoisikia redioni inakuja wakati kila kitu kimeshaamuliwa. Kwa hiyo shirika likitangaza mwezi Agosti kwamba linafunga Desemba, bajeti ya mwaka ule ilishapitishwa miezi mitatu nyuma. Pesa mpya ya mapema kabisa ni Julai ya mwaka unaofuata. Kati ya Desemba na Julai ni miezi saba, na mimba haingoji mwaka wa fedha.

Kuna mlango wa dharura: bajeti ya nyongeza. Sheria inaruhusu serikali kutumia hadi asilimia 3 ya bajeti iliyopitishwa kwa jambo lisiloweza kutabirika wala kuepukika, kisha ilipeleke Bungeni ndani ya miezi minne. Kwa maoni yangu mlango huu hufunguka kwa wenye sauti karibu na Kampala, na sijaona sababu ya kuutegemea kwa ajili ya kituo cha afya cha makazini. Linalosaidia zaidi ni shirika linaloondoka kuiambia wilaya mapema, kabla ya Septemba, tena kwa maandishi: wahudumu wangapi, mshahara kiasi gani, wagonjwa wangapi kwa mwezi. Mkisikia shirika linafunga, muulize mwakilishi wake jambo hilo moja: wilaya mliiandikia lini?

Wilaya nazo zina kilio chao, na ni haki tukiseme. Ruzuku zinazotoka Hazina hugawanywa kwa hesabu, na idadi ya watu ni sehemu ya hesabu hiyo. Kwa miaka mingi wilaya zinazopokea wakimbizi zimelalamika kwamba idadi inayotumika haiwaingizi wakimbizi, ilhali wakimbizi wapo hospitalini na shuleni kila asubuhi. Uganda ina zaidi ya wakimbizi milioni 1.8. Katika Isingiro, ambako kuna Nakivale na Oruchinga, hilo si jambo dogo. Mwenyeji anapokutazama vibaya kwenye foleni ya dawa, mara nyingi anachokiona ni hesabu hii, ingawa yeye hajui jina lake. Hakuna waziri mwingine anayeweza kuibadilisha zaidi ya huyu tunayemzungumzia.

Pengo hilo limezibwa kwa sehemu na Benki ya Dunia. Kwa mradi wa DRDIP, uliosimamiwa na OPM, Uganda ilipewa mkopo wa dola milioni 50 mwaka 2016, kisha ruzuku ya dola milioni 150 mwaka 2019, kwa ajili ya barabara, madarasa, vituo vya afya na miti katika wilaya zinazopokea wakimbizi. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Mkopo utalipwa na mtoto wa Mganda, ruzuku hailipwi. Wabunge wa Uganda wakiuliza kwa nini nchi yao ikope ili kuwahudumia watu waliokimbia vita vya nchi nyingine, wanauliza swali la haki, na jibu lisielekezwe kwao bali kwa nchi tajiri zilizoahidi kugawana mzigo. Agosti 2023 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba haitatoa mikopo mipya kwa Uganda kwa sababu ya sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja iliyopitishwa mwaka huo. Ilianza tena mwaka 2025. Kwa karibu miaka miwili kalamu ya Waziri upande huo ilikauka.

Labda unauliza: hata pesa ikitoka Hazina, itafika? Hapa Uganda ina hadithi ambayo wachumi duniani kote huisimulia, na inafaa wakimbizi waijue kuliko wachumi.

Mwaka 1996 watafiti wa Benki ya Dunia walipita katika shule za msingi za serikali zipatazo 250 nchini Uganda kutafuta ruzuku ambayo Hazina ilikuwa imeituma kwa kila mwanafunzi. Walilinganisha vitabu vya Kampala na vitabu vya walimu wakuu. Kati ya 1991 na 1995, kwa wastani, shule zilipata asilimia 13 tu ya kilichotumwa. Kingine kiliishia njiani, wilayani. Wazazi hawakulalamika kwa sababu hawakujua kulikuwa na pesa. Wizara ya Fedha ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na kila shule ikatakiwa kubandika ukutani kiasi ilichopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wachumi wengine walisema baadaye kwamba magazeti peke yake hayakufanya muujiza huo, kwa kuwa wizara ilikuwa pia imebadilisha njia ya kutuma pesa na kuwabana wakuu wa wilaya. Ninakubaliana nao. Lakini karatasi ile ya ukutani bado ina kazi: mzazi hawezi kudai asichokijua.

Upande wetu wa wakimbizi nao una somo lake. Mapema mwaka 2018 zilitoka tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi kwenye rejista ilikuwa imeongezwa. OPM na UNHCR wakaanza kuwahakiki watu upya, kwa alama za vidole na macho, na wengi wenu mnakumbuka foleni zile. Uhakiki ulipoisha Oktoba, rejista iliyokuwa na karibu watu milioni 1.4 ilibaki na kama milioni 1.1. Si wote waliopungua walikuwa majina hewa, wengine walikuwa wamehama au kurudi kwao. Lakini wafadhili hawakusahau, na mkimbizi halisi alilipa gharama ya shaka hiyo. Leo ofisi ikikuita uhakikiwe tena na ukachoka, sababu mojawapo ni ile.

Kuhusu mageuzi, mtasikia neno RAPEX. Ni mpango ulioamuliwa na baraza la mawaziri mwaka 2018 wa kuzirudisha mamlaka nyingi za serikali ndani ya wizara ili kupunguza gharama. Bunge lilipitisha sheria zake mwaka 2024, na kwenye sheria ya mamlaka ya kahawa wabunge walipigana ngumi ukumbini. Kwako, lenye maana zaidi ni barabara: mamlaka ya barabara za taifa, UNRA, imevunjwa na kazi yake imerudi Wizara ya Ujenzi. Barabara kubwa ikiharibika, lalamiko sasa linakwenda wizarani. Barabara ndogo za ndani bado ni za wilaya au sabukaunti.

Unaweza kufanya nini wewe usiyepiga kura? Mikutano ya bajeti ya sabukaunti na wilaya hufanyika kila mwaka kati ya Oktoba na Novemba, na ni ya wazi. Wakimbizi huingia kupitia viongozi wa RWC. Msiende na orodha ndefu ya mahitaji, kila mtu huja nayo. Nendeni na swali moja lenye namba: kituo chetu kina nafasi ngapi za wauguzi kwenye muundo wa wilaya, ngapi zimejazwa na serikali, na ngapi zinalipwa na shirika ambalo mkataba wake unaisha mwaka huu? Mtu wa kujibu ni mganga mkuu wa wilaya, na aliyeshika pesa ni CAO. Mwaliko hupitia kwa mkuu wa sabukaunti. Mwenyekiti wa RWC III amwendee aulize tarehe tangu sasa, kwa sababu tangazo likibandikwa mlangoni mara nyingi huwa zimebaki siku mbili au tatu.